Mshale Ukisema Uongo: Namna ya Kupima na Kusahihisha Spidomita ya Pikipiki

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo kikaacho mbele ya kila mpanda pikipiki, nacho ni spidomita. Wengi hukitazama kila siku, lakini ni wachache waulizao kama kinasema kweli. Saa ya ukutani ikikosea dakika kumi, mtu huchelewa mkutanoni, basi. Spidomita ikikosea, walio hatarini ni dereva, na abiria wake, na mtoto avukaye barabara akitoka shuleni.

Tumwazie dereva wa bodaboda ambaye mshale wake waonyesha 50, naye kwa kweli anakwenda 60. Anaingia penye nyumba na maduka, mahali ambapo sheria ya Tanzania, kama ile ya Kenya, haimruhusu kupita kilometa 50 kwa saa. Hana wasiwasi hata kidogo. Mbele yake, chini ya mwembe, amesimama askari wa usalama barabarani mwenye mashine ya kupimia mwendo, ile ambayo watu wa Tanzania huiita tochi. Dereva anasimamishwa. Anaapa kwamba alikuwa katika 50, wala haapi uongo. Ni mshale uliomdanganya.

Hiyo faini si kitu. Lililo kubwa ni breki. Nguvu iliyomo katika chombo kiendacho haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa kadiri ya mwendo uliozidishwa kwa mwendo huo huo. Hamsini mara hamsini ni 2,500. Sitini mara sitini ni 3,600. Basi pikipiki iendayo 60 yazipa breki zake kazi karibu mara moja na nusu ya ile iendayo 50. Yule dereva mikono yake imezoea kukamata breki kwa umbali anaoudhania kuwa ni wa 50, na siku ng'ombe akiingia njiani ghafula, umbali ule hautamtosha.

Si kila spidomita isiyo sawa kabisa imeharibika. Ziko kanuni za Umoja wa Mataifa zifuatwazo na watengenezaji wengi wa vyombo vya moto, nazo zakataza spidomita kuonyesha mwendo ulio pungufu ya mwendo wa kweli. Kuonyesha kupita kidogo zaruhusu. Kwa sababu hiyo wenye viwanda hujihadhari, na pikipiki mpya aghalabu huonyesha zaidi. Ikiwa mshale wasema 53 na mwendo wenyewe ni 50, mwenye pikipiki asiende kumgombeza aliyemwuzia. Hofu yetu ni juu ya spidomita ipunguzayo, na juu ya ile iongezayo mno hata dereva akaacha kuiamini na kuanza kukisia kwa masikio.

Sasa tutazame namna chombo hiki kifanyavyo kazi, maana asiyejua kazi yake hawezi kujua ugonjwa wake. Katika pikipiki nyingi za nchi zetu, spidomita huendeshwa na gurudumu la mbele. Penye ekseli pana kisanduku kidogo cha gia. Gurudumu likizunguka, gia hizo huzungusha waya wa chuma uliosokotwa, umo ndani ya ala yake, nao hupanda mpaka nyuma ya uso wa spidomita. Mafundi huuita kebo. Huko juu kebo huzungusha sumaku, na sumaku hiyo imo ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu, wala haikigusi.

Mwanafunzi mwenye akili atasema hapa, "Lakini aluminiamu haivutwi na sumaku." Amesema kweli, sumaku iliyotulia haiivuti. Walakini sumaku izungukayo huamsha umeme ndani ya kikombe, na umeme huo nao huwa na nguvu ya sumaku, hata kikombe kikataka kuifuata sumaku izungukako. Kingeifuata moja kwa moja, kikazunguka bila kukoma, kama kisingezuiwa na springi nyembamba kama unywele. Sumaku yavuta huku, springi yarudisha kule. Zinapolingana nguvu ndipo kikombe kisimamapo, na mshale uliofungwa juu yake husimama pamoja nacho. Kadiri kebo izungukavyo upesi, ndivyo mshale upandavyo. Aliyeandikisha uvumbuzi huu mwaka 1902 ni Otto Schulze, mhandisi wa mji wa Strasbourg, na hata leo spidomita za mshale ziendeshwazo kwa kebo hutumia njia hiyo.

Kebo hiyo hiyo ina kazi ya pili. Huzungusha gia ndogo zigeuzazo zile namba zihesabuzo kilometa ambazo pikipiki imekwenda tangu ilipotoka kiwandani. Hapa twawaomba mtege masikio, kwa maana shauri letu lote la leo limesimama juu ya jambo hili. Namba hugeuzwa na meno ya gia. Jino moja likilisukuma jingine, halina hiari ya kusukuma kidogo au zaidi. Ama linasukuma, ama limevunjika. Mshale hausukumwi na jino lolote. Wategemea sumaku na springi, na vitu hivyo viwili huweza kudhoofika. Basi namba zikikosea, kosa liko chini, kwenye tairi au kwenye gia za gurudumu, au labda spidomita iliyofungwa ni ya pikipiki ya namna nyingine. Namba zikiwa sawa na mshale ukakosea, kosa liko juu, ndani ya spidomita. Fundi aifunguaye spidomita kabla ya kuuliza swali hili ni kama mganga ampaye dawa ya macho mtu aumwaye mguu.

Kwa hiyo tuanze na namba. Tafuteni barabara kuu yenye mawe au vibao vya kilometa. Simamisheni pikipiki penye kibao, andikeni namba zilizopo pamoja na ile ya mwisho ihesabuyo sehemu za kumi, kisha mwende kilometa kumi, msimame penye kibao, mwandike tena. Kwa nini kumi, wala si moja? Kwa sababu vibao navyo vina habari zake. Barabara hutengenezwa upya, kona hunyoshwa, na kibao kilichoangushwa na lori huweza kurudishwa hatua ishirini mbali na mahali pake. Katika kilometa moja hatua hizo ni nyingi, katika kumi si kitu. Na mtu asihesabu nguzo za umeme kwa kudhani kwamba zote zimeachana sawasawa. Hazikupangwa kwa ajili yetu.

Ikiwa mmekwenda kilometa kumi na namba zimeongezeka 10 na sehemu moja au mbili, msiwe na shaka nazo. Ikiwa zimeongezeka 11, pana kosa la kutafutwa. Zaidi ya mwendo, kosa hilo huharibu mambo mengine: mafuta ya injini hubadilishwa kwa hesabu ya namba hizo, na mtu akodishaye pikipiki kwa kilometa hulipwa kwa hizo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya spidomita hii ni ndefu kuliko ilivyo, na mkodishaji ndiye alipaye ule urefu.

Baada ya namba, mshale. Kazi hii hufanywa na watu wawili, wote wamevaa kofia ngumu. Aliye mbele huendesha na kuushikilia mshale mahali pamoja. Aliye nyuma ndiye mwenye saa, au simu ya mkononi yenye kuhesabu sekunde. Dereva asiguse simu kabisa. Chagueni mahali palipo tambarare na palipo wazi, asubuhi mapema, vyombo vikiwa vichache na lami ikiwa kavu. Upepo si shauri kubwa, kwa kuwa twapima kuzunguka kwa gurudumu, hatupimi nguvu ya injini. Mlima ndio mbaya, maana mshale hautakaa mahali pamoja. Fikeni penye kibao cha kwanza mkiwa tayari katika mwendo mliouchagua. Kibao kikilingana na bega la abiria, aanzishe saa. Kibao cha kilometa inayofuata kikilingana na bega lile lile, aisimamishe.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanyeni 3,600 kwa sekunde zilizotumika katika kilometa moja, na jibu ndilo mwendo wa kweli. Sekunde 60 ni mwendo wa 60. Sekunde 72 ni 50. Sekunde 90 ni 40. Wanafunzi wanaweza kuandaa jedwali lote jioni moja, na tungefurahi kusikia kwamba shule fulani imelibandika ukutani kwa faida ya madereva wa kijiji.

Wengine hupenda kufupisha kazi kwa kupima mita mia moja tu. Haifai. Kidole cha mtu huchelewa, tuseme nusu sekunde. Kwa mwendo wa 50, kilometa moja ni sekunde 72, na nusu sekunde katika 72 haifiki hata moja katika mia. Lakini mita mia hupitwa kwa sekunde 7 na kidogo, na nusu sekunde katika hizo ni kosa la saba katika mia. Mtu atakuwa amepima kidole chake, hakupima spidomita.

Tena haitoshi kupima kwa mwendo mmoja. Tuchukue madereva wawili. Kila mmoja ameshikilia mshale kwenye 50, na kila mmoja ametumia sekunde 80 kwa kilometa. Kwa kweli wote wawili wanakwenda 45, na mtu angesema wana ugonjwa mmoja. Wapime tena, mshale ukiwa kwenye 30. Wa kwanza atumia sekunde 133, yaani anakwenda 27. Wa pili atumia sekunde 144, yaani anakwenda 25. Sasa waonekana mbali mbali. Wa kwanza hupotewa na sehemu moja katika kumi ya kile kinachoonyeshwa, mwendo uwe mdogo au mkubwa. Wa pili hupotewa na kilometa tano, zile zile, kila mahali. Mwendo wa pole ndio uliofichua jambo, na kwa bahati njema ndio usio na hatari.

Huyu wa pili tumalize naye upesi. Kosa lisilobadilika ni la mshale wenyewe kufungwa upande. Asimamishe pikipiki atazame. Huenda akaona mshale umelala kwenye 5, haukurudi kwenye sifuri. Labda mtu aliwahi kuufungua akaurudisha vibaya. Lakini ikiwa kosa ni la kupunguza badala ya kuongeza, sifuri haitamwonyesha kitu, kwa sababu ipo pini ndogo izuiayo mshale usishuke zaidi, nao hulala juu ya pini kwa utulivu kana kwamba hauna neno. Dalili yake ni kwamba pikipiki huanza kwenda, huenda kiasi cha mtu akimbiaye, na mshale haujainuka bado.

Dereva wa kwanza arudi kwenye hesabu ya namba. Ikiwa katika kilometa kumi za vibao namba zake zimeongezeka 11 na kidogo, basi namba na mshale vyakosea kwa kadiri moja, na kosa liko chini. Asifungue spidomita. Apige magoti atazame tairi la mbele.

Spidomita haijui mita. Yajua mizunguko tu. Aliyeitengeneza alidhani kwamba kila gurudumu lizungukapo mara moja pikipiki imekwenda umbali fulani, na ukibadilisha tairi, umebadilisha umbali huo bila kumwambia. Tairi iliyoandikwa 2.75-17, ambayo ni ya kawaida kwa gurudumu la mbele la pikipiki ndogo, hukanyaga kama mita 1.80 kwa mzunguko mmoja. Ile ya 2.75-18 hukanyaga kama mita 1.88. Mtu akifunga gurudumu la 18 mahali pa 17, gurudumu litazunguka mara chache zaidi katika kila kilometa, na mshale ukisema 50 yeye anakwenda 52 na zaidi. Tairi kubwa humpunguzia msomaji wa mshale ukweli. Tairi ndogo humwongezea. Tairi iliyolika nayo ni tairi ndogo: ikipoteza milimeta tano za mpira pande zote, mshale huongeza karibu mbili katika mia. Tena upepo ukipungua tairi hulala, ingawa kosa lake si kubwa.

Msitegemee maandishi tu, pimeni. Jazeni upepo unaotakiwa. Tieni alama ya chaki ubavuni mwa tairi, chini kabisa, na nyingine sakafuni palepale. Mtu akae juu ya pikipiki ili uzito wake uwepo, na mwingine aisukume mbele kwa mstari ulionyoka mpaka gurudumu lizunguke mara kumi. Pimeni kwa utepe tangu alama ya kwanza hadi ya mwisho, kisha gawanyeni kwa kumi. Mkipata mita 18 kwa mizunguko kumi, gurudumu lenu ni la mita 1.80, na katika kilometa litazunguka mara 555 au 556.

Hesabu hiyo mtaihitaji tena. Spidomita nyingine huandikwa namba ndogo usoni au nyuma, kwa mfano 1400, maana yake kebo yapaswa kuzunguka mara 1,400 katika kila kilometa. Gawanyeni 1,400 kwa 555, mtapata mbili na nusu. Basi kila gurudumu lizungukapo mara moja, kebo izunguke mara mbili na nusu. Kuhakikisha si kazi ngumu. Fungueni nati ya kebo pale juu, itoeni kwenye spidomita, bandikeni kipande kidogo cha karatasi kwenye ncha ya waya kiwe kama bendera. Inueni gurudumu la mbele, mlizungushe polepole mara ishirini, na mtu mwingine ahesabu bendera. Ikizunguka mara 50, gia za chini ni za haki. Ikizunguka mara 56, kile kisanduku cha ekseli ni cha pikipiki nyingine, na ndicho cha kubadilishwa.

Kubadilishana vifaa namna hii ni jambo la kila siku, nasi hatuwalaumu mafundi, kifaa kipatikanacho ndicho kifungwacho, na mwenye pikipiki mwenyewe ndiye asemaye, "Fundi, tia hicho hicho, abiria wangu wangoja." Walakini spidomita ya pikipiki moja na kisanduku cha pikipiki nyingine huweza kuingiana vizuri kwa nati zao huku hesabu zao zikiwa mbali mbali, na hapana jicho liwezalo kuliona hilo. Wenye kununua kifaa cha zamani waulize kwanza kilitoka katika pikipiki gani.

Tumesema gurudumu la mbele. Zipo pikipiki ambazo spidomita huchukua habari zake kwenye injini, pale itokeapo cheni. Tofauti hii ni kubwa. Kwa pikipiki ya namna ya kwanza, mtu akibadilisha tairi la nyuma au sproketi, spidomita haina habari nayo. Kwa ya namna ya pili, yote mawili huiharibu. Madereva wabebao mizigo milimani hupenda kupunguza jino moja kwenye sproketi ndogo ili pikipiki ipate nguvu. Kutoka meno 15 kwenda 14, injini hulazimika kuzunguka zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mshale hupanda saba katika mia kuliko ulivyokuwa. Basi yapasa kwanza kufuata kebo au waya kwa mkono mpaka mwanzo wake.

Mshale utikisikao una shauri lake. Ukiruka ruka kama mkia wa ndege, usipimwe bado. Ni kebo iliyokauka au iliyokunjwa kwa nguvu mahali fulani. Waya hung'ang'ania ndani ya ala, kisha hujifyatua, na mshale hufuata kila mfyatuko. Waya utolewe, upanguswe, upakwe girisi nyepesi kidogo, isipokuwa kile kiganja kimoja cha juu, ambacho huachwa kikavu. Tumeona spidomita nyingi zilizouawa na wema wa girisi: hupanda na kebo, huingia kwenye kikombe na sumaku, na mwisho mshale hugandamana. Ala ipitishwe kwa mzunguko mpana, isikunjwe kama kiwiko.

Twabakiwa na ugonjwa wa juu, yaani namba sawa na mshale wa uongo. Sumaku ikidhoofika, kikombe huvutwa kwa nguvu kidogo, na mshale hupunguza. Springi ikichoka, mshale huongeza. Katika hayo mawili la kwanza ndilo la kuogopwa. Shauri letu hapa ni kwamba mtu asichokoe springi kwa bisibisi nyumbani. Unywele ule ukipindwa haurudi. Fundi wa vyombo vidogo, mwenye subira kama ya fundi saa, huweza kuirekebisha. Yeye huifunga spidomita kwenye mota yenye mwendo ujulikanao. Angalieni jinsi hesabu ilivyo nzuri: mwendo wa 60 ni kilometa moja kwa dakika, basi spidomita iliyoandikwa 1400 ikizungushwa mara 1,400 kwa dakika sharti mshale uguse 60. Kama fundi wa namna hiyo hayupo karibu, kununua spidomita nyingine ni rahisi kuliko kuharibu iliyopo. Siku ya kuibadilisha, namba za kilometa za ile ya zamani ziandikwe kwenye daftari la pikipiki pamoja na tarehe, ili atakayeinunua baadaye asiambiwe kwamba injini ni mpya kwa kuwa spidomita ni mpya.

Mtatuuliza juu ya simu ziwezazo kupima mwendo kwa kupokea ishara za satelaiti. Ni kipimo chema, na kwa mwendo usiobadilika, katika barabara iliyonyoka na mbingu zikiwa wazi, huweza kuthibitisha kazi ya vibao na saa. Lakini simu huchelewa kidogo dereva aongezapo au apunguzapo mwendo, na katika msitu au kati ya majengo marefu ishara huyumba. Abiria ndiye aishike na kuisoma. Dereva atazamaye simu amejitafutia hatari kubwa kuliko ile aliyotaka kuiepuka. Spidomita za kisasa zisizo na kebo nazo hupimwa kwa njia hizi hizi, kwa kuwa nazo huhesabu mizunguko. Baadhi yake huruhusu kuingizwa kipimo kipya cha gurudumu, na kwa nyingine huuzwa kisanduku kidogo cha kielektroniki cha kurekebisha hesabu.

Neno moja juu ya maili. Pikipiki zilizotumika Uingereza huwa na uso ulioandikwa maili, na wakati mwingine spidomita kama hiyo hufungwa kwenye pikipiki ya hapa. Maili moja ni kilometa 1.6. Mshale kwenye 50 hapo ni kilometa 80 kwa saa, na hapana kitu kilichoharibika isipokuwa lugha. Tazameni herufi ndogo chini ya namba kabla ya kuanza kupima lolote.

Na ikiwa fedha za kifaa kipya hazijapatikana? Pimeni mpaka mjue mshale husimama wapi pikipiki iendapo 50 za kweli, yaani kilometa moja kwa sekunde 72. Kwa yule dereva tuliyeanza naye, ambaye mshale wake hupunguza sehemu moja katika sita, mahali hapo patakuwa karibu na 42. Hapo kwenye kioo apake mstari mwembamba mwekundu. Aupake akiwa amekaa kitini kama akaavyo siku zote, maana kioo kiko juu ya mshale, na atazamaye kutoka ubavuni huona mstari umehama. Rangi ya kucha hufaa sana kwa kazi hii; haitoki upesi kwa mvua, na siku tairi la mbele libadilishwapo, au spidomita mpya ipatikanapo, huweza kufutwa ili mstari mwingine upakwe mahali pake baada ya kupima upya.